Mwenye mpira ndiye mwenye uwanja

Maswali ya wasomaji wa Kigoma kuhusu katuni ya Recess, na kuhusu katuni zenu wenyewe

Toleo lililopita tuliandika mistari michache juu ya Recess, katuni ya Kimarekani ya watoto wa shule na dola yao ndogo ya uwanjani, tukauliza kama kuna klabu yoyote mkoani Kigoma inayochora ya kwake. Kumbe zipo. Barua zimetoka Mwanga, Ujiji, Kasulu na Kibirizi, na nyingi zinauliza mambo ya mikono: karatasi, midomo, simu, sauti. Zinazofanana tumezijibu pamoja.

SWALI (mzazi, Mwanga): Binti yangu wa darasa la nne anaangalia Recess kwenye simu ya mjomba wake, Jumamosi kutwa. Nikichungulia naona shule iliyokaa kama gereza, mwalimu mkali anayezunguka uwanjani, na msichana mmoja ambaye muda wote anataka kukunja ngumi. Nimwache aendelee?

JIBU: Mwache, ila keti naye kidogo. Jicho lako halijakosea, ule ugereza umewekwa makusudi. Waliobuni katuni hii, Paul Germain na Joe Ansolabehere, waliokuwa wamefanya kazi kwenye katuni ya Rugrats kabla ya hapo, waliichukulia shule kwa namna ya filamu za zamani za mateka wa vita. Ndiyo maana muziki wa mwanzo una mwendo wa gwaride, kuna watoto wawili kazi yao ni kuchimba mashimo tu, na Bibi Finster analinda uwanja akisaidiwa na Randall, yule mnoko anayempelekea kila lisemwalo.

Ilianza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 13 Septemba 1997 na vipindi vipya vikaendelea hadi 2001. Wahusika wakuu ni sita, wote wa darasa la nne kama binti yako: T.J. Detweiler anayepanga mipango, Vince mwanamichezo, Gretchen mwenye akili za kisayansi, Mikey mkubwa wa mwili na mpole wa moyo, Gus mtoto wa mwanajeshi, na huyo Spinelli unayemwogopa. Spinelli hutisha kuliko anavyopiga. Mara nyingi ngumi inakunjwa, mtu anakimbia, kisa kinaendelea.

Tungemwangalia zaidi kwenye jambo jingine. Watoto wa chekechea wa shule ile wanaoneshwa wakiwa wamepakwa rangi usoni, wanapiga mayowe na kuvamia wakubwa, kwa mtindo wa filamu za kale zilizodhihaki watu wa msituni. Ni utani wa kizamani na sisi hatuupi alama. Mtoto akicheka hapo, muulize anamcheka nani.

Kipindi cha nusu saa hubeba kwa kawaida visa viwili vya dakika 11 hivi, kwa hiyo ni rahisi kumpimia: visa vinne, kisha simu irudi kwa mjomba. Ipo pia filamu ndefu ya sinema ya mwaka 2001, ambamo mwalimu mkuu wa zamani anataka kufuta likizo ya kiangazi duniani kwa kuusogeza mwezi. Inaeleweka hata kwa asiyeijua katuni yenyewe.

SWALI (mwanafunzi wa kidato cha pili, Ujiji): Yule Mfalme Bob alipata wapi madaraka? Walimu hawamwoni?

JIBU: Wanamwona, hawamhusu. Bob ni mtoto wa darasa la sita, la juu kabisa pale shuleni. Anakaa kileleni mwa bembea na vyuma vya kupandia, kavaa kofia ngumu ya mchezo wa hoki, kashika gongo la hoki kama fimbo ya kifalme. Hakuteuliwa na mwalimu yeyote, na hapo ndipo anapotofautiana na kiranja wetu. Kiranja anatawala kwa niaba ya ofisi. Bob anatawala kwa niaba ya mchezo. Akiamua bao si bao, limekufa. Atakayebisha hatachapwa na mtu, ila hatapata wa kucheza naye, na mtoto wa miaka 10 hana adhabu kubwa kuliko hiyo.

Ukitaka kuona dola ile inavyofanya kazi, tafuta kisa cha Gus anapoingia shuleni, "The New Kid". Sheria ya uwanja inasema mgeni hana jina: ataitwa Mtoto Mgeni mpaka aje mgeni mwingine. Hakuna aliyemchukia Gus. Wanafuata sheria tu, na sheria ndiyo inayomfuta. T.J. anakataa, na kisa kizima kinatoka kwenye kukataa huko. Angalia pia "The Box", ambamo T.J. anaadhibiwa kwa kusimama ndani ya mraba uliopakwa rangi chini. Hakuna ukuta wala kufuli, ni rangi tu, na bado mtoto anakaribia kuchanganyikiwa.

Tumekaa sana hapa kwa sababu barua zinazofuata zote zinakwama palepale. Wengi mnaanza na mhusika wa kuchekesha, halafu hamjui afanye nini. Wenzetu wale walianza na sheria moja ya uwanjani na mtu mmoja aliyeumizwa nayo.

SWALI (mwalimu mlezi wa klabu ya sanaa, shule ya msingi, Kasulu): Nina wanafunzi 14, simu mbili na ari ya kutosha. Tunataka kuchora kisa cha dakika 11 kama wao. Tuandae karatasi kiasi gani na tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na hesabu, kisha utakata shauri mwenyewe. Dakika 11 ni sekunde 660. Filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde, yaani picha 15,840. Katuni nyingi hushikilia kila mchoro kwa picha mbili, kwa hiyo michoro inabaki 7,920. Rimu moja ina karatasi 500. Hizo ni karibu rimu 16 kabla hujaharibu hata moja, na kuharibu ni lazima. Wamarekani wenyewe hawakuchora yote kwao. Kazi kubwa ya michoro ilipelekwa studio za Asia, zenye vyumba vya wachoraji wanaolipwa mshahara. Wewe una watoto wenye mtihani wa upimaji mwezi wa kumi.

Fanyeni sekunde 90. Ukichora kila kitu, michoro 12 kwa sekunde, ni 1,080. Ukipanga vizuri haifiki nusu yake. Gawanya hivi: sekunde 30 watu wanatembea au kukimbia, sekunde 30 wanaongea wamesimama, sekunde 30 ndizo za vurugu za kweli. Mwendo wa kawaida ni hatua moja kwa nusu sekunde, yaani michoro 6. Hatua mbili ni michoro 12, na baada ya hapo unairudia ileile. Wahusika wanne ni michoro 48. Wanaoongea wamesimama hawahitaji mwili mpya, wanahitaji midomo tu: midomo 7 kwa kila mmoja (tutaitaja kwenye jibu la Gungu hapo chini), vipande 28. Sekunde 30 za vurugu ndizo zitakazowala: michoro 360. Jumla 436. Nunua rimu mbili, moja ya michoro safi na moja ya rafu, yaani michoro ya haraka ya majaribio, gramu 80 zile za kawaida za fotokopi. Karatasi nene haipitishi mwanga vizuri, na nyembamba ya gramu 60 hujikunja kukiwa na unyevu, na masika ya Kigoma unyevu haupungui.

Sasa kisa. Usiwaambie watoto "buni hadithi". Waulize: saa nne kengele ikilia, nani anaamua? Nani anachagua timu? Nani hapangwi kamwe? Mpira ukitumbukia kwenye uwa wa jirani, nani anautoa, na kwa nini huwa ni yuleyule? Andika majibu ubaoni bila kucheka. Utapata sheria kama hizi: aliyeuleta mpira hawezi kutolewa hata akicheza vibaya, wa kwanza kugusa mti ndiye anayepanga zamu ya rede, aliyekunywa uji wa mwisho anaosha sufuria. Chagueni moja, kisha mtafute mtoto ambaye sheria hiyo inamwonea. Mfano: mwenye mpira kachoka na anataka kuondoka na mpira wake huku mchezo uko bao mbili kwa mbili. Hapo tayari mna kisa cha sekunde 90, na kila mtazamaji wa Kasulu ataelewa bila maelezo.

Kiandikeni ukurasa mmoja na nusu, si zaidi. Ukurasa wa mazungumzo na vitendo ni karibu dakika moja. Kisha kichorwe chote kwa picha ndogo za rafu, nane kwa ukurasa, kama katuni za gazetini. Bandika ukutani, mwite mtoto wa darasa la pili asiyejua kitu, mwambie akusimulie anachoona. Atakapokwama ndipo pabovu. Rekodi sauti (tutarudi huko chini), piga picha zile rafu, zipange juu ya sauti kwenye simu. Mkishaipata hiyo video ya rafu, kata bila huruma. Kukata sekunde 5 za rafu ni dakika moja ya kazi. Kukata sekunde 5 zilizochorwa ni kutupa michoro 60 na kumliza mtoto aliyeichora.

Kinachoangusha klabu nyingi ni mtetemo: mhusika kasimama wima lakini kwenye video anatikisika kama ana homa. Sababu ni karatasi kutokaa mahali pamoja. Dawa yake ni kibao cha bolti. Panchi ya ofisini yenye matundu mawili huyatoboa kwa umbali wa sentimita 8 katikati hadi katikati, na tundu lina karibu milimita 6. Tafuta bolti mbili ndogo, zile zinazofunguliwa kwa spana namba 10, ndefu kiasi cha milimita 50, ambazo nyuzi zake hazifiki kichwani. Chukua vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 9, vibane pamoja kwa jiliwa, vitobolewe kwa mpigo mmoja ili matundu yalingane. Ingiza bolti kutoka chini, kichwa kizame ndani ya mbao, ile sehemu laini isiyo na nyuzi itokeze juu milimita 10. Kata iliyobaki kwa msumeno wa chuma na ulainishe ncha kwa tupa. Ukiacha nyuzi juu zitatafuna matundu ya karatasi, na baada ya kubadilisha mara kadhaa mtetemo unarudi. Hizo ni bolti nne kwa vibao viwili: kimoja kinakaa kwenye meza ya kuchorea, cha pili chini ya simu ya kupigia picha. Jaribu kwanza na panchi yako kabla ya kukata kitu chochote, maana panchi za bei rahisi hutofautiana.

Toboa karatasi kumi kumi, zote zikiwa zimesukumwa hadi mwisho wa panchi. Ukizidisha, za chini huteleza na matundu yanapishana kidogo, na kidogo hicho ndicho kitakachoonekana.

Meza ya mwanga ni boksi la mbao lisilo na mfuniko, kioo cha milimita 5 juu, taa ya LED ya wati 9 ndani. Kibao cha bolti kiwe usawa mmoja na kioo. Kikipanda hata milimita 3 karatasi inapinda na mstari unahama. Balbu ya waya ya zamani usiiweke, itachemsha kioo na mikono ya watoto itatoa jasho kwenye michoro. Umeme ukikatika, kioo cha dirisha na jua la asubuhi vinafanya kazi ileile, ila mkono unachoka.

Kupiga picha: simu itazame chini, sentimita 50 hivi juu ya karatasi, imefungwa na haiguswi. Bonyeza kioo cha simu na ushikilie mpaka umakini (fokasi) na mwanga vijifunge, la sivyo kila mkono unapopita simu inajirekebisha na video inapepesa. Piga kwa kitufe cha sauti cha heditseti ya waya. Simu nyingi hukubali. Taa mbili, kulia na kushoto. Madirisha yazibwe kwa khanga nzito, kwa sababu wingu likipita tu juu ya milima ya Heru Juu picha 20 zinakuwa na giza na 20 zinazofuata zinang'aa. Umeme ukikatika katikati ya kazi usiendelee kwa tochi. Subiri. Ukirudi, piga picha moja ya majaribio, ilinganishe na ya mwisho, ndipo uendelee. Feni izimwe, midomo ya karatasi ni myepesi na itaruka. Kipande cha kioo safi juu ya mchoro huibana vizuri.

Wanafunzi 14 usiwape wote penseli. Wachoraji sita, wapiga picha wawili, wawili wa sauti, wawili wa kutoboa na kuandika namba, mmoja wa kukagua. Namba iandikwe kona ya chini ya kila mchoro: tukio, mhusika, mchoro. Mrundo wa michoro 436 ukianguka chini bila namba, kazi imekwisha. Wa kumi na nne ashike daftari la nini kimepigwa na nini bado, naye ndiye asiyekosa shule.

SWALI (klabu ya wasichana, sekondari, Kigoma mjini): Wahusika wetu wote wanafanana. Shati jeupe, sketi ya bluu, nywele zimenyolewa. Kwenye Recess unamjua kila mtu hata akiwa mbali.

JIBU: Hili ni swali zuri kuliko mnavyodhani, kwa sababu wale hawana sare. T.J. ana kofia nyekundu aliyoigeuza nyuma, Spinelli ana kofia ya sufi na mabuti, na mchoraji amepewa nusu ya kazi bure. Ninyi mmenyang'anywa nguo na nywele. Imebaki miili na vitu.

Angalieni umbo lao bila rangi. T.J. ni mfupi wa mviringo, Gretchen ni mrefu mwembamba, Mikey ni gunia, Gus ni mdogo na miwani. Wapakeni wahusika wenu wote wino mweusi, mbaki na vivuli tu, mviweke kwenye mstari mmoja. Kivuli ambacho rafiki yenu hawezi kukitaja jina, kichoreni upya. Msibadilishe pua, pua haionekani mbali. Badilisheni urefu wa shingo, upana wa mabega, mahali magoti yanapokutana.

Halafu sare yenyewe haivaliwi sawa na watu wote. Yuko anayevaa sweta la kaka yake, mikono inafunika vidole. Yuko ambaye sketi imekunjwa kiunoni mara mbili kwa sababu ilinunuliwa ya miaka mitatu ijayo. Yuko mwenye soksi moja juu moja chini, kandambili siku za mvua, begi la mgongoni lililoshonwa kwa uzi wa nyavu. Huyo wa uzi wa nyavu mtazamaji wa Kigoma anamjua kwao ni wapi kabla hajafungua mdomo. Na mwendo: mpeni mmoja kukimbia na mwingine kuburuta miguu. Michoro ni 12 kwa kila mmoja vyovyote vile, haiongezi gharama.

SWALI (kijana, Gungu, na wengine kadhaa): Tulichora kwanza, tukaingiza sauti baadaye. Midomo inafunguka sauti imeshapita.

JIBU: Sauti ndiyo hutangulia, kisha mchoraji anaifuata. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kiswahili kimewarahisishia kazi, kwani karibu kila silabi huishia kwenye irabu. Mnahitaji midomo saba: a, e, i, o, u, mmoja uliofumba kwa m, b na p, na mmoja wa meno kugusa mdomo wa chini kwa f na v. Herufi nyingine zote zipite katikati ya hizo bila mdomo wake. Chukueni sentensi "Mpira ni wangu!" iliyosemwa kwa sekunde moja na nusu. Kwa michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja ukipigwa picha moja, hizo ni picha 18. Fumba 3 kwa ile "mp", kisha i 3, a 2, i 2, mdomo wa u picha 1 kwa ajili ya "w", a 3, halafu u 4 mpaka sauti ife. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo tunayoikaza tunaposema, ndiyo maana "pi" na "wa" zimepewa nafasi zaidi. Irabu ikipewa picha moja tu haionekani, inapita kama cheche. Zikishapangwa zote, sogezeni midomo itangulie sauti kwa picha moja. Jicho linataka kuona mdomo ukifunguka kabla sikio halijasikia. Mkichelewesha, mtazamaji ataona kosa hata kama hawezi kulitaja.

Rekodini kwenye chumba chenye magodoro, simu sentimita 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo, si mbele kabisa, ili p na b zisipige kishindo. Zimeni friji. Bati na mvua havipatani na sauti, kwa hiyo kazi hii imalizeni kabla ya Oktoba kwisha, au mrekodi asubuhi mapema siku isiyo na wingu. Acheni sekunde 10 za ukimya mwanzoni mwa kila faili. Mtazihitaji kuziba mapengo.

Na mrekodi mistari yote ya wavulana ndani ya wiki moja. Mvulana wa miaka 13 anaweza kuanza mradi na sauti nyembamba akaumaliza na sauti ya baba. Hata Recess ilibadilisha sauti ya T.J. katikati: alianza Ross Malinger, akaendelea Andrew Lawrence. Spinelli kwa upande wake alichezwa na mwanamke mzima, Pamela Adlon, na sauti ya mtu mzima haivunjiki tena. Kama mnaye dada au mwalimu wa kike anayeweza kuigiza sauti ya mtoto wa kiume, mtumieni bila aibu. Mikey anapoimba, anayesikika ni Robert Goulet, mwimbaji mkubwa wa majukwaani, na mtoto mnene wa darasa la nne kutoa sauti ile ni moja ya vichekesho vinavyodumu vya katuni nzima.

SWALI (mwanafunzi, Kibirizi): Tunaweza kuwachukua T.J. na Spinelli, wakaja kusoma Kigoma na kuongea Kiswahili na Kiha?

JIBU: Kwa mazoezi ndani ya daftari lako, chora utakavyo. Kwa kuonesha hadharani au kuuza, hapana. Wahusika wale ni mali ya Disney, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wazo la watoto kujitawala uwanjani halina mwenyewe. Sura, majina na mavazi yao yana mwenyewe.

Halafu mtapata hasara. Kibirizi mna vitu ambavyo T.J. asingejua afanye navyo nini. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inalala. Kwa hiyo asubuhi za giza kuna watoto wanaofika shule wamechoka, mikono inanuka dagaa kwa kusaidia kuanika, na mapumziko ya saa nne wanalala chini ya mti. Timu inapwaya. Mbalamwezi ikirudi, wachezaji wamekamilika na matokeo yanageuka. Sasa wekeni sheria juu yake: mechi ya kisasi hairuhusiwi kuombwa siku za giza. Nani aliitunga? Inamlinda nani? Na itakuwaje siku mtoto mgeni, wa mtumishi aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa ulio mbali na ziwa, asiyejua habari za mwezi, akiomba mechi siku hiyohiyo? Gus wenu huyo hapo, na hakuna atakayewadai.

Mkifika mahali pa kuuza tiketi, pitieni kwanza Bodi ya Filamu kuhusu kibali.

SWALI (mwenye banda la video, Katonga): Naweza kuwaonesha watoto Recess kwa kiingilio cha shilingi 200?

JIBU: Bila idhini ya mwenye haki, hapana, hata kama kiingilio ni shilingi kumi. Lakini banda lako ndilo ambalo hizo klabu zote hapo juu zinalitafuta. Waoneshe kazi zao baada ya kupata vibali. Kama unatumia projekta ndogo, pazia liwe shuka jeupe lililovutwa pande zote nne mpaka likaze, na watoto waingie jua likishazama, kwa sababu mabati yenye matundu hutoboa picha kwa vimulimuli vya jua. Spika ziweke mbele chini ya pazia, si nyuma ya watazamaji: sauti ikitoka nyuma huku mdomo uko mbele, vijana wa Gungu watadhani wamekosea tena hesabu ya picha.